Nani Amezima Stima?

Mabwana makontrakta, wasimamizi, na ninyi mafundi wa kila kazi,

Nimeombwa kusema nanyi habari ya stima katika viwanja vya ujenzi, mahali ambapo mwashi, seremala, fundi wa mabomba na fundi wa umeme hufanya kazi chini ya paa moja. Fundi wa umeme akikosea, huenda anayeumia si yeye, bali ni mpaka rangi aliyeegemeza ngazi ya chuma ukutani.

Basi mtu akifika langoni na kujiita fundi wa umeme, aombwe cheti. Wengine huonyesha cheti cha mtihani wa ufundi cha NITA, na msimamizi akaridhika. Cheti hicho chathibitisha kwamba mtu amefuzu mtihani wake, lakini si leseni. Leseni, kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, hutolewa na EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, nayo ina madaraja. Aliyepewa daraja la umeme wa nyumba, wa volti 240, hana idhini ya kushika mitambo ya volti 11,000. Tazameni pia siku ya mwisho wa cheti, na jina lililinganishwe na kitambulisho, kwani cheti huweza kuazimwa kama koti. Mkiwa na shaka, waulizeni EPRA wenyewe. Fundi wa kweli haoni haya kuulizwa.

Lakini cheti hakizimi stima. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mwenye mahali pa kazi wajibu wa kuwalinda wote wafanyao kazi humo. Na kila mfanya kazi naye amekatazwa kumhatarisha mwenziwe. Kwa maoni yangu, mtu mmoja atajwe kuwa mwangalizi wa swichi kubwa, na jina lake libandikwe hapo. Swichi ikizimwa, kila kundi liifunge kwa kufuli lake, na ufunguo ukae mfukoni mwa mwenyewe, si juu ya meza ya afisi. Makundi matano, makufuli matano; hata la mwisho litoke, stima isiwashwe.

Kisha fundi apime nyaya kwa kipimo alichokwisha kukijaribu penye stima, na baadaye akijaribu tena, maana kipimo kibovu hunyamaza sawasawa na kipimo kizima kisipoona stima.

Tena kuna genereta. Swichi kubwa yaweza kuwa imezimwa na kufungwa, na genereta ikaleta stima kwa njia nyingine. Mwenye genereta naye aitwe, aizime, na kufuli litiwe huko pia kabla mtu yeyote hajagusa waya.