Bushi Haina Namba



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Nilimaliza kidato cha nne hapa 1978, na tangu hapo nimekuwa fundi wa pikipiki Kariakoo, upande wa Gerezani. Kazi yote siwezi kuimaliza kabla ya chakula. Nitasema juu ya jambo moja tu: kurudisha gurudumu la nyuma la pikipiki kuukuu pamoja na bushi zake. Bushi ninazosema ni vile vipande vya bomba la chuma vinavyopitiwa na ekseli ili kuweka nafasi kati ya kitu na kitu. Wengine huziita spesa.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125. Ilitoka 1976, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa lile jengo la Soko la Kariakoo lililobuniwa na Ndugu Beda Amuli. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako oili haibadilishwi kwa wakati na barabara haina huruma. Ndiyo maana vali zake zinasukumwa kwa fito, mtindo wa kizamani lakini mvumilivu. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo, na bodaboda nyingi mnazoziona Mtaa wa Msimbazi ni za ukoo huo huo. Mtego uko hapo. Muuza spea atakwambia, "Zinaingiliana, mzee." Kwa injini mara nyingi anasema kweli. Kwa gurudumu la nyuma, usimwamini mpaka upime.

Mwaka jana alikuja kijana na CG ya marehemu baba yake, aliyekuwa bwana shamba. Anaitumia kumpeleka mama yake kliniki kila mwezi kutoka Mbagala. Fundi mmoja wa kando ya barabara, simtaji, alikuwa amembadilishia beringi za nyuma. Tangu siku hiyo gurudumu lilikuwa linachezacheza na cheni inaruka. Nilishika nati ya ekseli kwa vidole, ikazunguka. Nikaikaza kwa spana, gurudumu likagoma kuzunguka. Basi nikamwambia kijana, hata kabla ya kufungua, kwamba bushi ya ndani haimo.

Nilijuaje? Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mna beringi mbili, moja kushoto, moja kulia. Kila beringi ina pete ya nje, iliyobanwa ndani ya habu, na pete ya ndani, inayopitiwa na ekseli. Kati ya zile pete mbili za ndani husimama bushi. Unapokaza nati, nguvu inatoka mkono mmoja wa fremu, inapita bushi ya nje, pete ya ndani, bushi ya katikati, pete ya pili, sahani ya breki, mpaka mkono wa upande wa pili. Vyote vinabanana kama nguzo moja, na habu yenyewe inazunguka juu yake bila kubanwa. Ukiiondoa bushi ya katikati, nguzo imekatika. Pete za ndani zinavutwa kuelekeana, za nje zimebaki palepale, na gololi zinabanwa ubavuni. Gurudumu linakuwa zito. Fundi asiyejua sababu analegeza nati, gurudumu linazunguka vizuri, mteja analipa na kushukuru. Ameondoka na ekseli isiyoshikwa na kitu, na mama yake amekaa nyuma.

Kwa nini bushi hupotea? Kwa sababu beringi zikigongwa kutoka, nayo inaanguka chini, na inaonekana kama kipande cha bomba tu. Na kuipata nyingine ni taabu. Beringi ina namba. Ukisema 6302, iwe imetoka Japani au China, utapata tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 42 na unene 13. Bushi haina namba. Muuzaji atakusogezea ndoo uchague inayokaa, na kukaa kwenye ekseli karibu zote zitakaa! Lakini iliyopungua milimita 2 ni sawa na kutokuwa nayo. Iliyozidi sana nayo haifai, kwani beringi haitafika kwenye kikalio chake na habu itapata nafasi ya kutembea.

Hapo, vijana, inakuja ile vernia ya maabara ya fizikia ambayo baadhi yenu mnaiona ni ya mtihani tu. Pima upana wa habu kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha, kwa ule ulimi mwembamba wa nyuma ya vernia, pima kina cha kila kikalio cha beringi. Toa vina viwili katika upana. Kinachobaki ndio urefu wa bushi. Mimi humwomba mkerezaji aongeze sehemu ya kumi ya milimita, na ncha zote mbili ziwe mraba kabisa. Kipande kilichokatwa kwa msumeno wa mkono, hata kikiwa na urefu sawasawa, kitapinda mzigo.

Tulifanya hivyo. Beringi ya kwanza niliigonga kwa pete yake ya nje mpaka ikakaa, nikaweka bushi, halafu ya pili nikaigonga mpaka pete yake ya ndani ikaigusa bushi, basi. Nikakaza nati kwa nguvu zangu za uzee. Gurudumu likazunguka kwa kidole.

Bushi za nje zina kazi yao: ndizo zinazoamua gurudumu likae wapi. Ukizibadilishana, sproketi ya nyuma inaacha mstari wa ile ya mbele, na cheni inaliwa ubavu mmoja. Laza rula ndefu juu ya uso wa sproketi ya nyuma, utazame mbele. Alama za kurekebishia cheni zilizochongwa kwenye mikono ya fremu, kwa pikipiki ya miaka zaidi ya arobaini, mimi siziamini. Napima kutoka kwenye ekseli hadi kwenye bolti ya mkono, kushoto na kulia. Cheni icheze sentimeta 2 hadi 3. Kanyaga breki wakati unakaza nati, ili viatu vya breki vijiweke katikati.

Na ule upau unaozuia sahani ya breki isizunguke, msiusahau kamwe. Ukiachwa bila bolti na pini yake ya kukunja, siku ya kukanyaga breki kwa nguvu sahani itazunguka pamoja na gurudumu, na gurudumu litajifunga. Pini ni mpya kila mara. Bei yake ni ndogo kuliko ya soda.

Yule kijana bado anakuja, kila baada ya kliniki, nikaze na kutazama. Nimekuja na habu kuukuu ya CG, beringi zake, na bushi tatu, moja tu ndiyo sahihi. Viko mezani pale karibu na mlango, na Mwalimu wa Fizikia ametuazima vernia mbili. Wanaotaka kuitafuta waje baada ya chakula.