Kuuza Mtandaoni Ukiwa Matuu

Msikilizaji, mtu wa Matuu mwenye pikipiki ya kuuza halazimiki tena kungoja madalali wa barabara ya Thika–Garissa. Anapiga picha, anaiweka kwenye Jiji, tovuti ya matangazo iliyonunua biashara ya OLX hapa Kenya mwaka 2019, na mteja aliye Thika anaiona.

Mnada wa mtandaoni, ule wa tovuti ya eBay iliyoanza Marekani mwaka 1995, wa wanunuzi kupandishiana bei hadi muda uishe, kwetu haujashika sana. Sisi bado ni watu wa “bei ya mwisho ngapi?” Basi andika bei, ila acha nafasi ya kupunguza. Na wale wanaoandika “nipigie nikwambie bei” wanafukuza wateja bure.

Picha ndiyo muuzaji. Ipige nje, asubuhi, jua halijawa kali. Onyesha tangi lilipobonyea, mita ya kilomita, hata kiti kilichochanika. Mnunuzi aliyetoa nauli kutoka Nairobi akigundua ulimficha, atakukata bei kwa hasira ama ageuze na matatu ileile.

Sasa pesa. Ujumbe wa M-Pesa ulio kwenye simu ya mnunuzi si malipo, na hata ule ulioingia kwako unaweza kuwa wa kughushi. Angalia salio lako kwanza, ndipo utoe ufunguo. Kisha siku hiyohiyo anzeni kuhamisha rasmi umiliki wa pikipiki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mhakikishe umekamilika. La sivyo, pikipiki hiyo ikigonga mtu pale Kithimani, polisi watakutafuta wewe.