TUONYESHE BENDERA KABLA TRENI HAIJAPITA

(Maneno ya mwanachama mmoja mbele ya wafanya kazi wenzake wa reli, Kiganjo)



Leo sisemi habari za mishahara. Usiku ule mke wangu alipojifungua, damu ilimtoka sana, na gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Majirani wakachanga shilingi, tukampeleka kwa matatu, akapona. Je, wasio na majirani kama hao?

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2023 wanawake zaidi ya 700 walikufa kila siku ulimwenguni kwa ajili ya mimba na uzazi. Wengi wangaliweza kuokolewa.

Basi tufanye nini? Tangu 2013 zahanati zetu ni kazi ya kaunti. Makadirio ya fedha hufika katika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili kwisha, nayo hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Mtu aendaye kulalamika Julai anaonyesha bendera nyekundu treni imekwisha pita.

Kwa hiyo, watu wa Karatina, Kiganjo na Naro Moru, kila kundi liende mapema kwa mwakilishi wa wadi yake, pamoja na mama aliyeona taabu hii. Ombeni jambo moja tu: mafuta ya gari la wagonjwa. Mpeni barua yenye sahihi zetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, yatupa haki hiyo. Andikeni jibu lake, na baada ya mwezi mrudi kumwuliza.

Wanaume, tusiwaachie wake zetu peke yao kazi hii. Umoja ni nguvu.