Dhana Huanza kwa Kudhani: Mtoto, Mtu Mzima na Uelewa wa Jambo Jipya

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa madarasa ya chini na maafisa wa kilimo wa nyanjani, Njoro

Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi mtoto na mtu mzima wanavyojenga dhana mpya. Nitaanza na neno lenyewe. Dhana ni ndugu wa kudhani. Maneno yote mawili tumeyapata katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kukisia. Lugha imetuhifadhia jambo tunalolisahau tukishika chaki: mtu hudhani kwanza, kisha mambo yenyewe humthibitishia au humkatalia.

Hoja yangu ni moja. Anayefundisha jambo jipya, darasani au shambani, hana budi kujua kwanza msikilizaji wake anadhani nini, halafu amtafutie kitu cha kuona au kugusa kitakachoipima dhana hiyo. Asipofanya hivyo, atakuwa amefundisha neno, na dhana ya zamani itabaki ilipokuwa.

1. Punje ya mahindi na swali la unga

Niliwahi kufundisha gredi ya 3 katika shule moja ya huku kwetu. Siku moja niliweka punje ya mahindi kiganjani nikawauliza watoto: hii ina uhai au haina? Karibu wote walisema haina. Haitembei. Haili. Imekauka. Mvulana mmoja akaongeza kuwa mto Njoro ndio wenye uhai, kwa sababu unaenda, na kiangazi kikizidi unakufa.

Sikuwasahihisha. Tulifunga punje kumi ndani ya pamba yenye maji, tukaziweka kwenye vikombe dirishani. Punje nyingine kumi tuliziacha kavu kwenye kisahani. Siku ya pili zile za kwenye pamba zilikuwa zimefura. Siku ya tano vimizizi vyeupe vilikuwa vimechomoza. Msichana mmoja alivitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe zilikuwa zimelala."

Hapo nilidhani somo limekwisha. Lakini msichana yuleyule aliinua mkono tena: "Mwalimu, na unga wa ugali je? Nao umelala?"

Wenzake walicheka. Mimi nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote mwaka ule, maana mtoto huyo alikuwa ameichukua dhana yake mpya na kwenda nayo mpakani, aone inaishia wapi. Tukaweka unga kwenye pamba yenye maji. Baada ya siku kadhaa ulichacha na kuota ukungu. "Ikisagwa inakufa," akaamua. Nilipowauliza kuhusu mahindi ya kuchoma, darasa zima lilitabiri bila msaada wangu kwamba hayawezi kuota. Ndipo nilipojua kuwa wameelewa. Kutaja maana ya uhai kama ilivyo kitabuni wangeweza hata kabla ya vile vikombe.

Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, aliwauliza watoto maswali ya namna hii kuhusu jua, upepo na mawingu. Aliona kuwa mtoto mdogo huhesabu kitu kinachosogea kuwa hai, na kwamba hiyo ni fikra yenye mpangilio wake. Mtoto hufanya kazi mbili: huliingiza jambo jipya ndani ya dhana aliyo nayo, na dhana ikishindwa kulibeba, huijenga upya. Mto wa yule mvulana uliingia ndani ya dhana ya "kinachosogea kina uhai" bila shida. Ile punje iliivunja.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1896, alitusaidia kwa upande mwingine. Katika kitabu chake kuhusu fikra na lugha, kilichotoka mwaka 1934 alipofariki, alitenganisha dhana za mazoea na dhana za kitaaluma. Za mazoea huota nyumbani, jikoni na malishoni, zikipanda kutoka kwenye mambo yanayoonekana. Za kitaaluma hushuka kutoka kwenye maelezo ya mwalimu. Kazi yetu ni kuzikutanisha. Neno "uhai" lilishuka kutoka kitabuni, swali la unga likapanda kutoka jikoni kwa mama, vikakutana dirishani.

2. Kutu ya jembe na kutu ya ngano

Mtu mzima ana dhana nyingi zaidi, na zimekaa zaidi. Tazameni kutu ya ngano. Mkulima anayeambiwa kuwa ngano yake imeshika kutu analijua neno hilo tangu utoto. Ameona jembe lililosahauliwa mvuani, ameona mabati ya paa. Kutokana na hayo hufikia uamuzi wenye mantiki kamili: kutu inaletwa na maji, jua likirudi itakoma, na shamba la jirani halinihusu, kwa kuwa kutu ya jembe lake hairukii jembe langu.

Kumbe kutu ya ngano ni kuvu, kiumbe hai kinachonyonya shina. Ule unga wake mwekundu ni spora, yaani chembe zake za kuzaliana, na upepo huzipeleka mbali mno. Aina iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikapewa jina mwaka uliofuata, ikafika Kenya, kisha ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na baadaye Iran. Kwa sababu hiyo kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, hapa Njoro kimekuwa mahali ambapo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili ipimwe kama inastahimili kutu.

Niliwahi kumwona afisa mmoja akilieleza jambo hili kwa mzee mmoja shambani. Hakutoa hotuba. Alimpa leso nyeupe akamwomba aipitishe kwenye shina. Leso ikatoka na rangi ya tofali. Afisa akaikung'uta, na ule unga ukapeperuka kuelekea shamba la jirani. "Kutu ya jembe huruka hivi, mzee wangu?" Mzee alinyamaza, akalishika shina tena, akahisi jinsi ngozi ya shina hilo ilivyochanika. "Hii inatembea," akasema.

Kisha afisa akafanya jambo ambalo ningependa sote tuliige. Alimwambia mzee kuwa kuhusu maji alikuwa amepatia: spora huhitaji umande ili ziote. Mtu mzima dhana yake imefungamana na heshima yake na fedha alizokwisha kutumia. Akionyeshwa alipopatia, anapata nguvu ya kurekebisha alipokosea.

Na dhana iliyojengwa vizuri humfaa mtu hata mambo yakigeuka. Ngano aina ya Robin ilitolewa kwa wakulima ikiwa na sifa ya kustahimili kutu. Miaka michache baadaye kuvu lilikuwa limebadilika, na Robin ikaanza kushambuliwa. Aliyedhani kuwa mbegu kinzani ni kinga ya milele angejiona ametapeliwa. Aliyeelewa kuwa anapambana na kiumbe hai angejua kuwa wakati wa kutafuta mbegu nyingine umefika.

3. Nani tunamwita mwerevu?

Tumeona jinsi dhana inavyojengwa; sasa tujiulize tutajuaje kuwa mtu ameelewa. Miaka ya 1970, watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi katika jamii ya Wakipsigis waliyoiita Kokwet, katika nyanda hizihizi za juu. Waliwasikia wazazi wakitumia neno ng'om kwa mtoto mwerevu, na wengi walikuwa na maana ya mtoto anayeona kazi ya nyumbani inayohitaji kufanywa akaifanya bila kusukumwa. Werevu wa shuleni walikuwa na namna yao ya kuutaja kando.

Wazazi wale walikuwa na kipimo kizuri cha uelewa: je, mtoto anaweza kulitumia jambo pale ambapo hakuna aliyemwuliza? Msichana wa unga alifaulu kipimo hicho. Mtaala wetu wa umilisi unadai vivyo hivyo, lakini tukiufundisha kwa kukariri tutapata watoto wanaojua majina ya mambo tu.

4. Mapendekezo

Kwanza, tuulize kabla ya kueleza, na tuyaandike majibu yote ubaoni, yaliyo sawa na yasiyo sawa.

Pili, tuchague kitu kimoja kitakachoikatalia dhana potofu waziwazi. Pamba na leso hazina gharama kubwa.

Tatu, tutumie lugha ambayo msikilizaji huwazia. Mtoto asiye na maneno ya kuulizia habari za unga hatauliza.

Nne, tupime kwa mfano ambao hatukuufundisha.

Hitimisho

Kesho tutarudi madarasani na mashambani. Kabla ya kuanza somo, naomba kila mmoja wetu aulize, "Wewe unadhaniaje?", kisha anyamaze vya kutosha kulisikia jibu.