Nikahi Yako Imeandikwa Wapi?

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi baada ya sala ya Alasiri, Muthangari, Nairobi)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu ametufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Najua kufuturu kunakaribia na harufu ya sambusa imeshaingia humu ndani, kwa hivyo sitawachosha.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi za mtaa huu. Ni hili la kijana kuoa hapa kisha akahamia ng'ambo, au dada yetu kuolewa na mgeni, halafu ikaja shughuli ya kumleta mke, kumleta mume, na kudai haki za watoto.

Kisa cha jirani yetu

Nitaanza na kisa. Jina nimelificha, na mwenyewe ameniruhusu nikisimulie.

Kijana huyu alioa mwaka 2011. Nikahi ilifungwa sebuleni, siku ya Ijumaa. Walii alikuwepo, mashahidi walikuwepo, mahari yalitolewa, pilau likaliwa. Ndoa halali kabisa. Lakini hakuna aliyeuliza habari ya cheti. Miezi michache baadaye akapata nafasi ya kusoma Uingereza. Kwenye fomu ya visa palikuwa na swali: umeoa? Rafiki yake akamwambia, "Andika hujaoa, itapita upesi." Akaandika hivyo. Ikapita kweli.

Miaka ikaenda. Mtoto wa kwanza alizaliwa 2012, wa pili akafuata baada ya likizo moja aliyokuja nyumbani. Yeye akapata kazi, akapata ruhusa ya kukaa huko moja kwa moja. Mwaka 2018 akaja, akaandikisha ndoa, akapewa cheti. Mwaka 2019 wakapeleka ombi la visa ya mke. Jibu likaja: limekataliwa. Afisa aliuliza jambo moja tu, na lilikuwa la haki. Cheti chasema mlioana 2011. Fomu yako ya mwaka huohuo yasema hujaoa. Tuamini karatasi gani?

Mkewe aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Miaka yote hiyo nilidhani kinachotutenga ni visa. Kumbe mume wangu alinikana siku ya kwanza." Ilibidi kijana yule aandike maelezo marefu ya kukiri kosa lake, waombe upya, ndipo wakakutana mwaka 2021. Mtoto wa kwanza alikuwa ameshatimiza miaka tisa. Baba alimjua kwa simu.

Kuandika ni katika dini

Sasa tujiulize. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 katika Suratul Baqara, na inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la pesa limepewa uzito huo, je, mkataba wa ndoa, wenye mahari, nasaba na mirathi ndani yake? Karatasi haihalalishi nikahi. Lakini karatasi ndiyo inayolinda haki za mke na watoto mbele ya mtu ambaye hakuwepo sebuleni siku ile.

Hapa Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na inataka iandikishwe. Anayefungisha ni kadhi, sheikh, mukhi au imamu aliyepewa idhini na Msajili wa Ndoa. Basi kabla hujamwita sheikh, muulize kwa adabu: "Sheikh, je, unacho kitabu cha vyeti?" Si kumkosea heshima. Na kama mlishaoana zamani bila cheti, msingoje siku ya safari. Nendeni kwa kadhi na mashahidi wangali hai.

Dada anayeolewa na mgeni

Zamani dada zetu walionewa. Chini ya katiba ya kwanza, mwanamume Mkenya aliyeoa mgeni aliweza kumpatia mkewe uraia, lakini mwanamke Mkenya hakuweza kumpatia mumewe. Katiba ya 2010 iliondoa ubaguzi huo. Mgeni, mume au mke, aliyedumu katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka saba anaweza kuomba uraia. Na mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Pumwani au Muscat. Tena sheria ya uhamiaji ya 2011 inamruhusu mume au mke wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Lakini yote haya yanaanzia pahali pamoja: cheti cha ndoa.

Kwa anayetaka kumleta mwenzake Uingereza

Nachukua mfano wa Uingereza kwa sababu wengi wetu wana jamaa huko. Vijana, sikilizeni hesabu kabla ya kuahidi.

Tangu Aprili 2024, anayemdhamini mwenzake kwa ombi jipya anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 2012, ilikuwa 18,600. Na mshahara wa mke anaoupata hapa Nairobi hauhesabiwi anapoomba kuingia. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna kipimo cha kifua kikuu, kuna ada ya visa. Halafu kuna ada ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa visa ya kwanza ya miezi 33 inafika pauni 3,105, zaidi ya shilingi nusu milioni. Kanuni hizi hubadilika, kwa hivyo soma zilizopo siku unapoomba, usitegemee za binamu yako aliyekwenda mwaka juzi.

Mwenye wake wawili hapa naye aelewe. Kule visa ya mke haitolewi kwa wake wawili wa mume mmoja. Basi suala la uadilifu alifikirie kabla ya kufunga mizigo, asije akamwacha mmoja akining'inia.

Na wewe dada utakayeolewa hukohuko: mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba nikahi iliyofungwa nchini humo bila kufuata taratibu za sheria yao haihesabiwi kuwa ndoa. Yaani mkiachana, huna madai ya mke mbele ya mahakama ya talaka. Fungeni nikahi, na muandikishe.

Posho ya watoto

Sasa hili la mwisho ndilo lenye mtihani wa imani. Uingereza hutoa posho ya watoto, wenyewe huiita Child Benefit. Kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza, na 17.25 kwa kila anayefuata. Ni haki, si sadaka. Mwenye haki aidai, tena asichelewe, maana malipo ya nyuma hayazidi miezi mitatu.

Lakini ina masharti. Kwa kawaida mtoto awe anaishi huko. Watoto walioko Muthangari na nyanya yao hawaingii. Anayehamia huko aghlabu hungoja miezi mitatu kwanza. Na mke aliyeingia kwa visa ya mke huwa amezuiwa kudai fedha za umma kwa jina lake. Mumewe, akiwa raia au mkaazi wa kudumu, ndiye anayedai.

Wapo wanaosema, "Pesa ya serikali ya makafiri, chukua tu." Hapana, ndugu zangu. Uliingia nchi yao kwa mkataba, na Muislamu hutimiza mikataba. Pesa ya uongo hurudishwa ikigunduliwa, na isipogunduliwa ndiyo mbaya zaidi, kwani unawalisha watoto nayo.

Tufunge na fomu yetu

Leo tangu alfajiri kila mmoja wetu angeweza kuingia jikoni akanywa maji na asionekane na mtu. Hatukunywa, kwa sababu tunajua nani anaona. Basi siku utakapokaa peke yako na fomu, kalamu mkononi, na swali likakuuliza umeoa, una watoto wangapi, wanaishi wapi, kumbuka saumu ya leo. Anayeona ni Yuleyule.

Tukirudi nyumbani jioni hii, kila mwenye ndoa akitafute cheti chake. Asiyekipata, Jumatatu ashike njia.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, azikutanishe familia zilizotengana, na atujaalie riziki ya halali. Amin. Wassalaam alaykum.