Mfadhili Akiondoka, Jengo Hubaki na Nani?

Mada kuhusu matunzo ya majengo ya huduma, kama ilivyowasilishwa kwa wakazi wa kata



Banda la maonyesho si jambo geni kwa Mtanzania. Kila Julai katika viwanja vya Sabasaba jijini Dar es Salaam, na kila Agosti katika viwanja vya Nanenane mikoani, taasisi na kampuni hupamba mabanda yao, hupokea wageni kwa siku chache, kisha hufunga milango. Mada ya leo inahusu banda moja la namna hiyo lililofungwa katika nchi ya Marekani. Habari zake hazikuletwa hapa kwa ajili ya kustaajabia mambo ya mbali. Zimeletwa kwa sababu zinajibu swali linaloulizwa katika vijiji vingi: jengo lililosimamishwa kwa fedha za mfadhili hubaki mikononi mwa nani siku mfadhili huyo anapoondoka?

Jengo lenye kuba ya dhahabu

Katika jimbo la Florida, karibu na jiji la Orlando, kampuni ya Disney inamiliki bustani ya burudani iitwayo EPCOT, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Sehemu moja ya bustani hiyo ilitengwa kwa mabanda ya sayansi na teknolojia, yaliyoeleza habari za nishati, usafiri, bahari, kilimo na mengineyo. Hayakuwa mabanda ya turubai na nguzo za miti. Yalikuwa majengo makubwa ya kudumu, na mengi kati yake yalikuwa na kampuni mfadhili iliyochangia gharama na kupata heshima ya jina lake kuonekana mlangoni.

Tarehe 19 Oktoba 1989 liliongezwa banda jipya, Wonders of Life, yaani Maajabu ya Uhai. Lilikuwa jengo la mviringo lenye kuba ya rangi ya dhahabu, na mfadhili wake alikuwa kampuni ya bima ya MetLife. Ndani yake mgeni aliingia katika chumba kilichotikiswa na mitambo, akahisi kana kwamba amefanywa mdogo na kusafirishwa ndani ya mishipa ya damu. Onyesho jingine lilieleza jinsi ubongo wa mvulana wa miaka 12 unavyoviongoza viungo vya mwili wake. Kulikuwa pia na filamu kuhusu mimba na kuzaliwa kwa mtoto, na baiskeli za mazoezi kwa wale waliotaka kupima nguvu za miguu yao. Ilikuwa elimu ya afya iliyovikwa mavazi ya burudani, na familia nyingi ziliipenda.

Ufadhili wa MetLife ulikoma mwaka 2001. Jengo halikufungwa siku hiyo hiyo, lakini tangu mwaka 2004 lilianza kufunguliwa kwa misimu tu, pale wageni walipokuwa wengi. Tarehe 1 Januari 2007 ikawa siku yake ya mwisho kama banda la afya. Baada ya hapo kuba ile ilibaki imesimama. Kwa miaka kadhaa ukumbi wake ulitumika kama kituo cha tamasha la maua na bustani wakati wa machipuko, na cha tamasha la vyakula na mvinyo wakati wa vuli. Matamasha yalipokwisha, milango ilifungwa tena.

Februari 2019 kampuni ilitangaza kwamba jengo hilo lingegeuzwa kuwa banda jipya la michezo, likiwa tayari kwa sherehe za miaka 50 ya Walt Disney World, ambazo zilianza tarehe 1 Oktoba 2021. Katikati ya Machi 2020 bustani zilifungwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na EPCOT haikupokea wageni tena hadi Julai mwaka huo. Siku ya sherehe ilifika ikapita, na milango ya kuba haikufunguliwa. Hivyo jengo lililotoa elimu kwa miaka 17 lilikuwa limekaa miaka 14 bila kazi ya kudumu.

Majirani watatu na hatima zao

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ndiyo mwisho wa kila banda linalozeeka. Lakini majirani wa jengo hilo, katika bustani ile ile na chini ya mmiliki yule yule, walipata hatima tofauti.

Jirani wa kwanza aliitwa World of Motion, banda la usafiri lililofadhiliwa na kampuni ya magari ya General Motors. Lilifungwa mwanzoni mwa Januari 1996. Mfadhili aliendelea kuwapo, na matumizi mapya yalikwisha kuamuliwa: ndani ya jengo lile lile uliwekwa mchezo wa magari ya majaribio, Test Track. Kazi ilichelewa kuliko ilivyopangwa, na ufunguzi rasmi ulifanyika Machi 1999. Hata hivyo jengo halikukosa mwenyewe hata siku moja.

Jirani wa pili aliitwa Horizons. Lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1983 kwa ufadhili wa General Electric, uliokoma mwaka 1993. Lilifungwa kwa muda, likafunguliwa tena, kisha likafungwa moja kwa moja Januari 1999. Mwaka 2000 lilibomolewa. Wapo waliolilia, kwa kuwa waliliona kuwa bora kuliko yote. Lakini kiwanja chake hakikuachwa kuota majani: mwaka 2003 palifunguliwa banda jingine, Mission: SPACE, linalohusu safari za anga.

Jirani wa tatu lilikuwa banda la nishati, Universe of Energy, lililofadhiliwa na kampuni ya mafuta ya Exxon na kuwekewa paneli za umeme wa jua juu ya paa tangu mwaka 1982. Lilifungwa Agosti 2017. Hapo ulitumika uamuzi wa kati: jengo la zamani lilibakizwa kuwa sehemu ya kuingilia, na nyuma yake likajengwa jengo jipya kubwa. Mchezo mpya ulifunguliwa Mei 2022.

Ndugu wananchi, majengo hayo manne yalitofautiana katika jambo moja kubwa kuliko mengine. Lile lililogeuzwa, lile lililobomolewa na lile lililounganishwa na jipya, kila moja lilipata uamuzi uliokamilika. La nne, lenye kuba ya dhahabu, halikubomolewa wala halikupewa kazi. Liliachwa njiani. Katika maisha ya majengo, kuachwa njiani ndiko kunakogharimu zaidi, kwa kuwa paa huendelea kuzeeka hata pale ambapo hakuna mtu chini yake.

Tofauti kati ya bustani na kata

Kampuni yenye kuuza tiketi inaweza kuvumilia jengo moja lililofungwa. Mgeni anayelikuta limefungwa hutembea hatua chache na kuingia banda la jirani. Mambo ya kata si hivyo. Nyumba ya mganga ikikosa paa, mganga huhama. Zahanati ikifungwa, mama mjamzito hutembea hadi kata ya pili. Soko likiachwa, wauza mboga hurudi kando ya barabara, juani na mvuani. Isitoshe, majengo mengi ya kata yana jasho la wananchi ndani yake: mchanga uliosombwa kwa vichwa, mawe yaliyokusanywa, michango ya kaya, siku za kazi zilizotolewa bure. Boma lisiloezekwa na jengo lililofungwa ni deni kwa watu waliojitolea kulijenga.

Kwa hiyo habari ya kuba ile inafundisha mambo matatu.

La kwanza, siku ya mwisho ya ufadhili ijulikane tangu siku ya kwanza. Mradi unapopokelewa kijijini, watu hushangilia msingi na kuta, na ni nadra kuuliza nani atanunua taa, dawa ya mchwa na vitasa baada ya mfadhili kukabidhi funguo. Mfadhili ana haki ya kuondoka mkataba wake unapokwisha. Kosa ni kwa wanaobaki kutojiandaa.

La pili, matumizi ya muda si aibu, lakini yapewe mwisho. Ukumbi uliofungwa ukitumika kwa kliniki ya watoto, kwa mafunzo ya vikundi au kwa uandikishaji, huo ni uamuzi mzuri, kwa sababu jengo linalofunguliwa na kufagiliwa huonyesha ufa ungali mdogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatari huanza pale ambapo matumizi ya muda yanakuwa kisingizio cha kutoamua. Miaka ya matamasha ilipita chini ya kuba ile, na swali la msingi likabaki bila jibu.

La tatu, tangazo si ukarabati. Kampuni yenye uwezo mkubwa ilitangaza hadharani matumizi mapya na wakati wake, na bado jengo halikufunguliwa. Mwananchi anaposikia kwamba jengo la kata litafufuliwa, ana haki ya kuuliza mambo manne kwa utulivu na kwa heshima: fedha ziko katika kasma ipi, msimamizi ni nani, kazi inaanza lini, na kama itakwama, taarifa italetwa katika kikao kipi.

Swali lipelekwe wapi

Maswali hayo yana mahali pake. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na katika mkutano huo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Hapo ndipo hali ya jengo inapopaswa kutajwa kwa mara ya kwanza. Kutoka kijijini hoja hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka hapo huingia katika vikao vya halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake huandaliwa miezi mingi kabla. Hoja inayoletwa Juni hukuta mafungu yamekwisha kugawanywa.

Pia inafaa ikumbukwe kwamba kubomoa ni uamuzi halali kama ulivyo uamuzi wa kukarabati. Jengo lenye msingi uliopasuka linaweza kuwa hatari kwa watoto wanaocheza ndani yake, na kiwanja chake kikawa na thamani kuliko kuta zake. Lakini uamuzi huo ni wa vikao, baada ya mhandisi kukagua na wananchi kusikilizwa. Mtu mmoja hawezi kuufanya, wala wale wanaong'oa mabati usiku hawana haki ya kuutanguliza.

Kila kijiji kinashauriwa kuanza na kazi ndogo isiyohitaji fedha. Katika mkutano unaofuata, yaorodheshwe majengo yote ya umma yaliyomo kijijini, yanayotumika na yasiyotumika. Mbele ya kila jengo yaandikwe mambo matano: mwaka lilipojengwa, aliyelifadhili, kazi yake ya sasa, anayeshika funguo, na jambo la kwanza linalohitaji kurekebishwa. Pale ambapo nafasi ya kazi ya sasa itabaki tupu, wananchi watakuwa wamelipata jengo lao lililoachwa njiani, na ajenda ya kupeleka kwenye kata.