Tunampima Mtoto, Shule Hatuipimi

Wasikilizaji, matokeo ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mmeshayasikia. Mmesikia asilimia za ufaulu, mmesikia zimepanda wapi na zimeshuka wapi, na wengi wenu mmeshaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kutafuta shule ya mwanenu. Hatutayarudia. Kinachotusumbua sisi wa kituo hiki ni lile ambalo halikutangazwa wiki hii, wala halitangazwi mwaka wowote. Mtoto wa miaka tisa au kumi amepimwa Kiswahili, amepimwa Kiingereza, amepimwa Hisabati na Sayansi. Bweni alilolala usiku wa kuamkia mtihani limepimwa na nani? Gari lililompitisha barabarani kabla jua halijachomoza limepimwa lini? Tunampima mtoto, shule hatuipimi.

Walimu wa madarasa ya chini wanalisema jambo hili, ila sauti yao haifiki mbali, kwa sababu siku ya matokeo wao ndio wanaotakiwa kujieleza. Hebu tufuate hesabu wanayoifanya wao. Mtoto anapimwa kitaifa darasa la pili, kusoma, kuandika na kuhesabu. Anapimwa tena darasa la nne. Darasa la saba anafanya mtihani wa kumaliza. Kabla ya kila upimaji kuna mock ya kata, mock ya wilaya, mock ya mkoa na mitihani ya ujirani mwema, na katikati yake kuna majaribio ya kila wiki. Muda wa yote hayo haupatikani ndani ya ratiba ya kawaida, kwa hiyo unachotwa kwenye usingizi wa mtoto. Ndipo wa darasa la nne anaamshwa saa kumi alfajiri, anasinzia ndani ya gari la shule huku begi likiwa mapajani, na akirudi jioni giza limeshaingia. Mwenzake anawekwa kambini ili apate prepo ya usiku. Safari ya gizani ni hatari. Bweni lililojaa ni hatari. Hatari hizi zimezaliwa na ratiba ya mitihani, kisha tunazikabidhi kwa askari wa barabarani na zimamoto kana kwamba hazina mzazi.

Ushahidi tunao, na ni wa kuumiza. Mei 6, 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha walikuwa njiani kwenda Karatu. Gari lao lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia. Watoto 32 walikufa, pamoja na walimu wao wawili na dereva. Taifa lililia, na lilistahili kulia. Lakini swali moja tulilipita haraka: watoto wale walikuwa wanakwenda kufanya nini? Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima na shule nyingine. Mtihani ule haukuwa wa Baraza, haukuwa na cheti, wala hapakuwa na nafasi ya sekondari iliyoutegemea. Ulikuwa mtihani wa kujiandaa na mtihani. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, bweni la shule ya msingi liliungua wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na watoto kumi wakapoteza maisha. Aprili 2024, gari la shule lilisombwa na mafuriko jijini Arusha, na watoto wakafa tena. Kila mara tume, kila mara maagizo, kila mara ukaguzi wa wiki mbili. Halafu matokeo yanatoka, na mjadala unarudi kwenye asilimia. Tunampima mtoto, shule hatuipimi.

Haki itendeke: Serikali haikukaa kimya. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Machi mwaka huohuo, Wizara ya Elimu ikazuia kwa waraka huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hatua zote mbili tunaziunga mkono. Ila waraka unashindana na hesabu, na hesabu bado ni ileile. Katika kikao cha tathmini cha halmashauri, mwalimu mkuu anaulizwa ufaulu wake ni asilimia ngapi na amekuwa wa ngapi kiwilaya. Haulizwi milango ya bweni lake inafungukia upande gani. Katika shule binafsi, bango la getini lina picha za watoto na alama A zimepangwa mstari. Hakuna bango linalosema gari letu lilikaguliwa mwezi huu na lina mkanda kwa kila kiti. Mwalimu anafanya lile analoulizwa, mwenye shule anatangaza lile linalonunuliwa, na mzazi ananunua lile linalotangazwa. Hapo hakuna mtu mbaya, wasikilizaji. Kuna kipimo kimoja tu, nacho kimewekwa mabegani mwa aliye mdogo kuliko wote.

Yupo atakayetuambia kwamba bila mitihani hii hatutajua kama watoto wanasoma kweli. Hoja hiyo ni nzito, na hatuidharau, maana mtoto anayefika darasa la tano bila kujua kusoma ameonewa. Lakini kujua hali ya elimu ya nchi hakuhitaji kila mtoto akeshe. Tafiti za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010, zilipita nyumba kwa nyumba, zikawapa watoto kifungu kifupi cha kiwango cha darasa la pili na hesabu rahisi, zikatuonyesha kwamba wengi walio madarasa ya juu hawawezi kukisoma. Taifa zima lilishtuka. Hakuna mtoto aliyelazwa kambini kwa ajili ya kipimo kile, na hakuna shule iliyosafirisha darasa zima kukifanyia mazoezi. Tena Sera ya Elimu iliyozinduliwa Januari 31, 2025 imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Kama kila mtoto wa msingi anatakiwa kuendelea hadi sekondari, mchujo wa watoto wa miaka tisa unamchuja nani, na kwenda wapi? Upimaji wa kumsaidia mwalimu ajue nani amekwama kwenye herufi na nani kwenye kutoa, huo uendelee. Upimaji wa kushindanisha shule kwa migongo ya watoto, huo uishe.

Wapo pia watakaosema shule ni mbali, na bweni ndilo linalomwokoa mtoto na kilomita nyingi za miguu. Ni kweli kwa vijiji vingi. Lakini dawa ya umbali ni kusogeza shule, na tumeshaonyesha kwamba tunaweza: kati ya madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19, 3,000 yalikwenda kwenye shule shikizi. Na palipobaki bweni kwa kibali, swali la usalama linabaki palepale. Dirisha lina nondo, au mtoto anaweza kutokea hapo? Mlango ukifungwa usiku, kufuli liko ndani au nje, na ufunguo anao nani? Kati ya kitanda cha deka na kingine, watoto wawili wanapita au wanakanyagana? Mtungi wa kuzimia moto upo, na matroni anajua kuutumia? Anayesema ajali ni kudra ya Mungu atusikilize vizuri. Kudra haifungi kufuli kwa nje. Kudra haijazi watoto kupita idadi ya viti. Haya ni ya mikono yetu, na mengi yake gharama yake haifiki hata ya kuchapa mitihani ya mock ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo tunasema, na tutaendelea kusema. Wizara, siku mnayotangaza ufaulu wa shule, tangazeni na hali ya mabweni na magari yake, shule kwa shule, mahali palepale, kila mzazi aone. Maofisa elimu, katika kikao kijacho cha tathmini anzeni na milango kabla ya asilimia. Wathibiti ubora, nendeni usiku, si saa nne asubuhi wakati vitanda vimetandikwa. Wamiliki wa shule, acheni safari za alfajiri kwa ajili ya mitihani isiyo na lazima. Wazazi, msiridhike na bango la getini: ingieni ndani, hesabuni viti, fungueni dirisha kwa mikono yenu, ulizeni ufunguo uko wapi, na mkijibiwa kwa kuzungushwa, mwondoeni mtoto siku hiyohiyo. Walimu, mkiambiwa mpakie watoto gari lililojaa, kataeni, na sisi tutasimama nanyi. Tumempima mtoto vya kutosha. Sasa ipimeni shule! Ipimeni kabla ya mvua za masika, ipimeni kabla ya mock ya kwanza, na ikishindwa, ifungwe.